Feza Inayokata Uzi

Kipushi, tarehe 8 Machi 1953

Yaya,

Kaa chini kwanza, kaka yangu. Kama uko umesimama mule ndani ya duka ya feza za zamani ya Bwana Jicho-Moja na lupu yake ya kukuza ku jicho, umwombe kiti. Liévin ameleta nsalamu ya kuniposa.

Leo kiisha misa mzee Kalaba, mushenga wake, alikuja na sahani mbili, moja juu ya ingine, amezifunga na kitambaa cheupe, anatembea polepole sawa mutu mwenye kubeba mayai. Mama aliona zile sahani, akakimbia kuvaa kikwembe ingine. Mimi nilikuwa ku jikoni, mikono yote bunga, nikachungulia ku mulango. Kalaba akafunua. Mule ndani iko falanga makumi tano ya feza, moja tu, ile ya tembo, ya mwaka 1944, ambayo batu banasema haionekane tena ku soko. Mama akaangalia feza, akaangalia Kalaba, akaniita niseme mwenyewe. Nikasema ndiyo. Sikusema kwa nguvu, usifikiri mudogo wako hana haya, lakini nilisema.

Ilikuwa ya marehemu baba yake Liévin. Alimupikia muzungu mukubwa wa benki miaka kumi na moja, na yule muzungu, siku ya kurudi Ulaya, akamupa ndani ya kasanduku kadogo. Kasanduku kalikulwa na muchwa. Feza, Mama Brigitte, mama yake Liévin, ameichunga kule Naviundu mpaka mutoto wake apate bibi.

Sasa nikuulize wewe mutu wa feza. Hii haiko sawa zile zingine. Pembeni ya tembo ni sawa maji ya kisima, niliona nyusi zangu mule. Lakini tembo mwenyewe hang'ai, iko mweupe sawa amepakwa bunga. Nilidhani ni mikono yangu imemupaka. Nikafuta, bunga haitoki. Na nilipoishona ndani ya kitambaa nyekundu ya Mama, uzi ulikatika mara mbili ku ukingo yake. Mara ya tatu nikatia uzi wa kushonea magunia.

Mali ya ndoa italetwa tarehe 15 Agosti, siku ya Maria kupalizwa mbinguni. Unajua mwenyewe desturi yetu: siku ile nsalamu itafunguliwa mbele ya pande mbili, ileile, bila kutoka ku nyumba hata siku moja. Ikionekana ingine, ni sawa tumebakataa. Kwa hiyo iko ndani ya sanduku ya Mama, na Mama analala na ufunguo ku shingo.

Njoo siku moja. Ni kilometa makumi tatu tu, haiko Ulaya.

Mudogo wako,
Chileshe


Élisabethville, tarehe 14 Machi 1953

Mudogo wangu Chileshe,

Barua yako nimeisoma mara tatu, mara ya tatu kwa sauti mbele ya Zéphirin, mwenzangu wa kazi, Muluba wa Kasai, ambaye sasa anataka kujua kama nina dada mwingine. Nimefurahi sana. Liévin ni kijana wa reli, hana pombe, hana maneno mengi. Mwambie Mama kwamba mtoto wake amefurahi.

Kuhusu feza, usivimbe kichwa. Kila feza mpya inang'aa, na kila mama wa Kipushi mwenye majivu na ndimu anaweza kung'arisha hata kifuniko cha sufuria. Lakini umemuuliza mutu wa feza, na mutu wa feza atajibu.

Feza za soko zinapigwa haraka, pigo moja tu, zinaangukia ndani ya sanduku na kugongana kama viazi. Lakini kando yake wanapiga chache sana za kuwaonyesha wakubwa. Chuma cha kupigia wanakisugua kwanza mpaka kiwe kioo, halafu wanapiga polepole, mara mbili, kwa nguvu zaidi, na mutu anaipokea kwa mukono wenye glavu. Wazungu wanaiita épreuve. Sisi hapa dukani tunasema feza ya kioo. Niko hapa miaka sita, nimeona tatu tu.

Jaribu hivi. Simama dirishani mchana, uweke barua hii mbele ya feza. Kama unaweza kusoma maandishi yangu ndani yake, kwa kinyume, umeanza vizuri. Feza iliyosuguliwa na mutu itakupa mwanga, haitakupa herufi. Halafu muangalie tembo. Mwenye kusugua anasugua vyote pamoja, uwanja na mgongo wa tembo, hawezi kumruka. Kwa hiyo tembo wake anang'aa, na mikunjo ya mkonga inafutika. Tembo wa kweli amekauka, kila mkunjo upo, hata jicho linakuangalia. Mwisho ukingo. Ule wa soko ni wa mviringo kidogo, kama sabuni iliyotumika. Ule wa feza ya kioo umesimama kama pembe ya tofali. Patro mwenyewe, huyo Bwana Jicho-Moja wako, anatafuta ukingo kwanza, kwa ukucha, macho amefumba.

Na usiisafishe. Majivu hapana, ndimu hapana, mate hapana, hata pindo la kikwembe hapana.

Wiki jana patro aliniambia mbele ya mteja: Kapya, wewe una jicho la muzungu. Msomee Mama maneno hayo.

Yaya wako,
Constantin


Kipushi, tarehe 22 Machi 1953

Yaya,

Nilisoma barua yako ndani ya falanga makumi tano. Ndiyo, ninasema kweli. Nilimwomba Mama ufunguo, nikasimama ku dirisha saa sita mchana, nikashika karatasi juu, na mule chini ya tumbo la tembo niliona «majivu hapana», imegeuka nyuma-mbele sawa mutu amevaa shati vibaya. Mama alifikiri nimepata kichaa. Nikamuonyesha. Hajui kusoma, lakini alijiona meno, akacheka.

Tembo amekauka. Mikunjo ya mukonga nilihesabu na ncha ya sindano, bila kugusa, usigombane. Jicho iko. Ukingo nilijaribu namna yangu mimi fundi wa kushona: nilivuta uzi wa namba makumi ine pale ukingoni, ukakatika sawa umepitisha wembe.

Basi ni yenyewe, feza ya kioo? Na kama ni yenyewe, Liévin anajua alichotupa? Sijamwambia kitu. Nataka nimwambie siku ya mali, nione uso wake.

Mudogo wako,
Chileshe


Élisabethville, tarehe 24 Machi 1953

Chileshe,

Barua imefika asubuhi hii, na asubuhi hii ninajibu. Macho ya msichana anayeolewa yanaona kila kitu kizuri. Kwa karatasi siwezi kusema kitu. Lazima niione.

Umpe André, shofere wa kamyo, imeshonwa vizuri, usimwambie ni nini. Nitaiangalia kwa lupu dakika tano, halafu nitaiweka ndani ya sanduku la chuma la patro, ambalo hata moto hauingii. Itarudi mbele ya Agosti. Mama analala na ufunguo shingoni, sawa, lakini mwizi wa Kipushi haogopi shingo ya mama mzee.

Usimwambie Liévin. Usimwambie Kalaba. Ile barua yangu ya mafundisho uichome, isianguke mikononi mwa watu.

Yaya wako,
Constantin


Kipushi, tarehe 29 Machi 1953

Yaya,

Mama na mimi tuligombana siku tatu juu ya hii neno. Mimi ndiye nilikataa, yeye ndiye alikubali, ujue vile. Nilimwambia nsalamu haitembei, kama mutu akisikia imepanda kamyo ya André na magunia ya makala, tutaonekana namna gani? Mama akaniangalia sana. Akasema: «Ku mukono ya Kapya ni palepale ku nyumba. Kapya ni nyumba.» Kisha akatoa ufunguo ku shingo.

Basi iko hapa. Nimeishona mara mbili. André anafikiri ni dawa ya magoti ya Mama uliyoomba uonyeshe daktari, nilidanganya vile na nitaungama Jumamosi.

Uitunze, Yaya. Kama ingekuwa pete yangu ningekuwa na roho nyepesi. Lakini hii haiko yangu, ni neno lao, nimebachungia tu.

Chileshe


Élisabethville, tarehe 31 Mei 1953

Mudogo wangu mpendwa,

Barua zako tatu fupi nilizipata. Usikasirike, patro alisafiri Bruxelles mwezi mzima, na mwenye ufunguo wa sanduku ni yeye.

Nsalamu yako ni hii, nimeishona mwenyewe ndani ya kitambaa kipya, mshono wa mwanaume, usicheke. Niliiangalia. Pole, mudogo wangu, siyo feza ya kioo. Ni ya soko, nzuri, iliyosuguliwa na mutu hodari. Yule muzungu wa benki alimdanganya mpishi wake, ndiyo desturi yao. Usiseme, usimpe Mama Brigitte aibu kwa kitu alichokipenda. Na usifungue kitambaa mpaka siku yenyewe, hewa inaiharibu.

Tena fungua hilo sanduku kubwa. Ni mashini ya kushona, ya mukono, karibu mpya. Patro ameniweka mbele ya duka, nauzia wateja mwenyewe, na mushahara umepanda. Yaya hawezi kumuoza mudogo wake na mikono mitupu.

Yaya wako,
Constantin


Kipushi, tarehe 7 Juni 1953

Yaya wangu, yaya wangu, yaya wangu,

Mama amecheza. Na magoti yale, amecheza mbele ya mulango, jirani wote bakatoka. Anaita kila mutu anayepita aje aone ile gurudumu inazunguka. Ngalula wa nyumba ya pili aliuliza kama uko na bibi. Nilisema bibi yako ni kazi tu.

Nilishona mikono ya nguo yangu ya ndoa siku moja, kazi ya juma nzima. Kila nikizungusha nasema jina lako. Kuhusu ile feza sina uchungu. Sikuipendea kioo, niliipendea mwenye kuituma.

Agosti utakuja, si vile?

Mudogo wako mwenye bahati,
Chileshe


Kipushi, tarehe 16 Agosti 1953

Yaya,

Hukukuja. Umeandika ni kazi ya kuhesabu vitu vya duka. Sawa. Lakini nilikutafuta ku kila kamyo.

Nitakuambia ginsi ilikuwa. Balikuja watu kumi na ine kutoka Naviundu, Liévin alipata ruhusa ya siku mbili ku Sakania. Mali ikawekwa. Kalaba akasimama akauliza neno linaloulizwa: «Nsalamu ilitoka ku nyumba?» Mama akajibu, bila kuangalia chini: «Haikutoka.» Hakudanganya, Yaya, yeye anaamini vile, juu uliichunga wewe. Na mimi nikanyamaza.

Wakaifungua. Mama Brigitte akaichukua, akaenda nayo ku mulango penye mwanga. Hatukujua neno moja: wakati mume wake iko hai, kila siku ya Mungu mbele ya misa alikuwa anamushikia ile feza mbele ya uso ili afunge kitambaa ya kichwa. Hawakuwa na kioo ingine. Sasa alimupa Liévin aishike vile baba yake alishikaka, akafungua kitambaa, akaanza kufunga, batu bakacheka kwa furaha. Kisha mikono ikasimama. Akasogea. Akarudi nyuma. Akasema: «Hii haiko yangu. Simo ndani yake.»

Hapo Mama akaanza kulia. Akasema ni yeye. Siku ya mbele ya sikukuu alifungua kitambaa chako ulichoniambia nisifungue, akaona feza imekuwa na giza kidogo, na kwa heshima ya wageni akaisugua na majivu na ndimu, sawa tunasuguaka vyombo vya kanisa. Alidhani anaipa heshima, Yaya. Hakuna mutu alimusikiliza. Wajomba wa Liévin walikuwa wameanza kubeba mali kurudisha ku kamyo.

Njoo. Wewe uko mutu wa feza. Simama mbele ya Kalaba useme majivu inafanya nini, batakuamini. Liévin hakuniaga.

Chileshe


Élisabethville, tarehe 20 Agosti 1953

Mudogo wangu,

Nimeumia. Lakini niliandika nini? Majivu hapana, ndimu hapana. Majivu yanakula uso wa feza kwa nukta moja, hakuna fundi duniani anayeweza kuurudisha. Mama hakukusudia, asilaumiwe sana, lakini hayo ndiyo majibu: ni majivu yake.

Kuja siwezi. Patro hatoi ruhusa. Nitamwandikia Kalaba barua yenye muhuri wa duka, kueleza mambo ya majivu.

Nawe usikate tamaa. Una kazi mikononi, una mashini. Wanaume wa reli ni wengi.

Yaya wako,
Constantin


Sakania, tarehe 2 Septemba 1953

Chileshe,

Ninaandika juu sikuweza kusema pale mbele ya wajomba.

Majivu ningesamehe. Mama yangu pia, nilimuuliza, alisema mwanamuke mwenye kusafisha kitu chako hana adui ndani yake. Lakini hakubali kama ni majivu. Anasema anajua ile feza ku vidole, gizani, sawa anajua masikio yangu, na ile ya Kipushi vidole vyake haviijui. Barua ya kaka yako yenye muhuri tumesomewa. Mama aliuliza tu: huyu aliiona wapi, mpaka aijue vile?

Swali lile limebaki na mimi. Kalaba aliuliza kama ilitoka ku nyumba. Mama yako akasema haikutoka. Wewe ulikuwa umesimama nyuma yake, nilikuangalia. Uliangalia miguu yako.

Niambie tu neno moja, ilitoka ao haikutoka. Kama iko kweli, nitarudi na Kalaba hata kesho. Nitangoja mpaka mwisho wa mwezi. Wajomba banasema nisingoje.

Liévin


Kipushi, tarehe 13 Septemba 1953

Yaya,

Mama hali kitu. Anakunywa chai, tena nusu. Kila akiona majivu ku jiko anageuza uso, mimi ndiye natoa majivu asubuhi mbele aamke. Anasema ameua ndoa ya mutoto wake na mukono yake ya kuume. Ni maneno yako, nilimusomea barua yako yote, juu ni wewe.

Jana nilichukua ile feza niishone tena ndani ya kitambaa nyekundu, niirudishe kwa Kalaba. Nilichukua uzi namba makumi ine. Nikavuta ku ukingo. Haukukatika. Nikavuta tena, nikazungusha feza nikavuta upande ingine, nikachukua uzi mwembamba wa kudarizi. Mara kumi na mbili, Yaya. Uzi ulipita pale sawa unapita juu ya sabuni.

Nikatoa ile barua yako ya mafundisho. Uliniambia niichome. Sikuichoma, ilikuwa barua nzuri kupita zote ulizoniandikiaka. Nimeisoma na feza ku mukono. Majivu ya asubuhi moja inaweza kuua kioo, nakubali. Lakini inakula namna gani jicho ya tembo? Hii tembo ni kipofu. Mukonga yake haina hata mukunjo moja, imelainika sawa kisigino. Hii feza ilitembea miaka ndani ya mifuko ya batu, ilinunua chumvi, ilinunua samaki. Ile yetu haikutembeaka popote. Ilitoka sanduku mpaka sanduku, mpaka kwako.

Liévin anangoja neno moja mpaka mwisho wa mwezi. Mama anangoja kufa. Niambie.

Chileshe


Élisabethville, tarehe 3 Oktoba 1953

Chileshe,

Barua hii usome peke yako. Usimsomee Mama, nakuomba kwa kaburi la baba.

Ilikuwa yenyewe. Nilijua toka uliposema bunga haitoki. Niliandika yale mafundisho kwa sababu nilitaka uone ninajua, na jibu lako lilipofika nilikujibu asubuhi ileile. Niliomba uilete niione tu. Hiyo ni kweli, uamini ao usiamini.

Niliiweka mezani kwa patro. Alifumba macho, akapitisha ukucha ukingoni. Halafu akaniuliza, mimi, nafikiri nini. Hakuwahi kuniuliza mbele ya siku ile. Nikamweleza yote, uwanja, tembo, ukingo, na akaitikia kwa kichwa kila neno kama mwanafunzi. Akasema mutu mwenye jicho hili hawezi kukaa nyuma ya duka. Siku hiyohiyo akanipa meza ya mbele. Feza ilienda naye Bruxelles kwa ndege, haitarudi. Nyingine niliitafuta mwenyewe, nikaisugua mwenyewe, siku nne, kwa unga mwekundu wa dukani. Hata Zéphirin hakuitambua. Sikujua habari ya kitambaa cha kichwa. Nani angejua?

Fikiri vizuri. Ingekaa ndani ya sanduku la mama mzee mpaka muchwa wale sanduku. Mashini ile ni hiyo feza, Chileshe. Sikula peke yangu, nilikupa kitu kinachozaa. Nilifikiri wewe ungepata vyote, mume na mashini, na mimi meza.

Mama aamini majivu. Yeye mzee, atasahau. Akijua ni mimi, atakufa, na kosa litakuwa lako. Liévin mwambie haikutoka. Nitakutafutia mume mzuri huku mjini.

Yaya wako daima,
Constantin


Kipushi, tarehe 11 Oktoba 1953

Constantin Kapya,

Barua yako ilifika na André siku ya pili. Mama alikuwa amekaa ku mulango, alitambua bahasha ya duka, akanyoosha magoti asikie. Aliniuliza Kapya anasema nini. Nilikuwa na wakati wa kuvuta pumzi moja.

Nilimusomea yote. Nilianza ku «usome peke yako, usimsomee Mama». Sikuruka neno. Pale ulipoandika mama mzee atasahau, nilisoma polepole, asikie vizuri.

Hakufa. Kuku waliingia ndani ya nyumba na hakuna mutu wa kuwafukuza. Kisha akasema: «Basi majivu yangu haikuwa na kosa.» Akaomba bukari. Alikula na sombe, akamaliza, akaomba tena. Siku ile niliona ginsi alikuwa na njaa, na nikakuchukia kwa kila tonge.

Siku iliyofuata nilipanda kamyo mpaka Naviundu, nikamusomea Mama Brigitte vilevile. Alinishika mikono. Lakini barua yako ilikuja nyuma ya wakati, ulijipa majuma matatu ya kufikiri, na mimi bila jibu lako sikuweza kumuandikia Liévin kitu. Wajomba wake wamepeleka nsalamu kwa watu wa Sakania, tarehe mbili ya mwezi huu. Msichana amesema ndiyo. Mama Brigitte alisema kama angejua siku tatu tu mbele, angelala ku njia ya gari moshi wajomba basipite. Nilimwambia asilie. Mimi nililia ndani ya kamyo, André alijifanya anaangalia barabara.

Wakati wa kurudi kamyo ilisimama mbele ya duka yenu. Nilikuona ku kioo. Ulikuwa ku meza ya mbele, koti nyeusi, lupu ku jicho, muzungu mumoja mwanamuke ameinama anakusikiliza. Ulikuwa unamuonyesha kitu na ukucha. Nilikuwa karibu sawa kutoka mulango mpaka jiko. Ungeinua kichwa ungeniona. Sikushuka.

Mashini anakuletea André. Aliuliza kama imeharibika, nikamwambia hapana, inashona vizuri sana. Nguo ya ndoa nimeifumua mikono, nitashona ingine kwa sindano. Ndani ya kasha ya mashini utakuta ile feza, iko ndani ya kitambaa nyekundu. Utafute ukingo na ukucha, macho umefumba.

Neno la mwisho haiko langu. Jana asubuhi Mama alivaa kikwembe ya kanisa, akashika fimbo, akakataa nimusindikize. Na magoti yale alitembea mpaka kwa Kalaba, juu ya kilima, akapumzika mara tano, batu balimuona. Alimukuta Kalaba na wazee wengine watatu. Hakukaa ku kiti alichopewa. Alisema hivi, Kalaba mwenyewe ameniambia:

«Siku ile muliniuliza kama nsalamu ilitoka ku nyumba. Nilisema haikutoka. Nilikosa. Ilitoka.»

Chileshe